Kichocho cha Ziwa, Kichocho cha Lambo: Nani Amehesabiwa?

Leo naomba tuzungumze juu ya hesabu, tena hesabu ya ugonjwa ambao huku Kanda ya Ziwa hakuna asiyeujua jina: kichocho.

Sisi ni wa Misungwi, ila nianzie kwa majirani zetu wa Magu, kwenye kisiwa cha Ijinga. Watafiti wa Chuo cha Bugando, wa taasisi ya utafiti wa tiba ya NIMR Mwanza na wenzao kutoka Würzburg, Ujerumani, waliwapima wakazi wa pale na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Walipochunguza choo kwa darubini, walikuta asilimia 68.9 ya watu wana kichocho cha tumbo. Walipoupima mkojo kwa kipimo cha aina nyingine, wakapata asilimia 94.5. Kisiwa ni kimoja, utafiti ni mmoja. Toa namba ndogo kwenye kubwa: watu kama 26 katika kila 100 wanaonekana au hawaonekani kutegemea kipimo gani kimetumika siku hiyo.

Hili linatuhusu sana, kwa sababu namba ya namna hiyo ndiyo inayoamua kama mwanao atapata vidonge. Kwa miaka mingi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ulikuwa hivi: eneo ambalo maambukizi kwa watoto wa shule yanafika asilimia 50, kingatiba, yaani hivyo vidonge, kila mwaka; kati ya 10 na 50, kila baada ya miaka miwili; chini ya 10, mara mbili tu katika kipindi chote cha shule ya msingi. Februari 2022 WHO ikabadilisha. Sasa inashauri kwamba popote maambukizi yanapofika asilimia 10, kila mtu kuanzia mwenye miaka 2 apewe dawa mara moja kwa mwaka. Mabadiliko mazuri, na nayapongeza. Lakini mstari wa 10 bado upo, na kijiji kilichoandikiwa 9 kwa sababu ya kipimo kisichoona vizuri kinaweza kuachwa nje ya mstari huo na minyoo yake mwilini.

Sasa twende maabara kidogo, maana ukijua kazi inavyofanyika utaelewa kwa nini namba hizi zinapishana.

Mtoto anapewa kikopo, anakirudisha na choo. Mtaalamu wa maabara anachukua kipande, anakikandamiza kwenye chekecheke laini ili makapi yabaki, kisha anakijaza kwenye kitundu cha kibao kidogo cha plastiki. Kitundu hicho kinabeba miligramu 41.7 tu, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kidole. Anainua kibao, anafunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, anagandamiza hadi kisambae, anasubiri kiwe angavu, kisha anainama kwenye darubini. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni. Akishauona ule mwiba, hana wasiwasi tena. Anahesabu mayai yote yaliyopo, anazidisha kwa 24, na hapo anapata idadi ya mayai katika gramu moja. Chini ya 100 ni maambukizi hafifu, kuanzia 100 hadi 399 ni ya kati, 400 na kuendelea ni makali. Njia hiyo ilitoka Japani kwa Kato mwaka 1954, Wabrazili wakiongozwa na Naftale Katz wakaiboresha mwaka 1972, na mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi vijijini, kwa sababu ni rahisi na haihitaji mashine kubwa.

Lakini angalia ile hesabu ya 24. Yai moja likionekana kwenye kioo, maana yake ni mayai 24 kwa gramu. Mtu mwenye mayai 8 au 10 kwa gramu anaweza kupimwa na asionekane na yai hata moja. Halafu minyoo haitagi kwa ratiba. Leo mayai yanatoka mengi, kesho machache, keshokutwa hakuna. Ndiyo maana watafiti makini huchukua choo cha siku tatu mfululizo. Kampeni yenye haraka huchukua cha siku moja. Kuna jambo la tatu, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mayai yanayotoka na choo ni yale yaliyofanikiwa kutoka. Mengine yanakwama kwenye ini na kuta za utumbo, na hayo yaliyokwama ndiyo yanayomharibu mtu. Ini linaota makovu, damu inakosa njia, mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku moja mvuvi mwenye nguvu zake anatapika damu beseni zima. Wauguzi wa Hospitali ya Bugando wanawajua wagonjwa hao vizuri. Kwa hiyo darubini inahesabu mayai yaliyoondoka, wakati madhara yanatoka kwa yaliyobaki.

Kile kipimo cha pili cha Ijinga kinafanya kazi tofauti. Tone la mkojo linawekwa kwenye kitepe, na kitepe kinatafuta kemikali ambayo minyoo hai huitapika ndani ya damu. Dakika 20 baadaye mistari inatokea. Hakijali kama mayai yametoka leo au hayakutoka. Wavuvi mnaonisikiliza mtanielewa nikisema kwamba ukitupa wavu wa macho mapana ukapandisha bila dagaa, hujathibitisha kuwa ziwa halina dagaa. Hata hivyo tusikigeuze kitepe kuwa msahafu. Mstari wa pili wakati mwingine hutokea hafifu mno, wataalamu wakabishana kama huyo ahesabiwe mgonjwa au la, na uamuzi huo peke yake unaweza kupandisha au kushusha asilimia ya kijiji kizima. Ukisikia redioni au ofisini "maambukizi ni asilimia kadhaa", uliza kwanza: kwa kipimo gani?

Visiwa vyetu vingine navyo vimepimwa. Huko Ukara, wilaya ya Ukerewe, utafiti wa watoto wa shule uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu theluthi mbili yao wana mayai ya kichocho cha tumbo, tena kwa darubini, yaani kwa ule wavu wa macho mapana. Kisiwa cha Kome nacho kilipata mradi wa miaka kadhaa kwa ushirikiano na Wakorea, dawa zikienda pamoja na maji safi, vyoo na elimu. Visiwa vina sifa moja inayomrahisishia mpimaji: karibu kila mtu anaingia ziwani. Ukipima shule moja ya kisiwa, angalau unajua ni kichocho cha aina gani utakachokitafuta kwenye shule ya jirani.

Misungwi haiko hivyo, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Wilaya yetu ina sura mbili. Upande wa ghuba, Kigongo na Mbarika, maji ni ya ziwa na konokono wake ni wale wa jamii ya Biomphalaria, wanaobeba kichocho cha tumbo. Ukiliacha ziwa ukaingia ndani, kuelekea Misasi au Mabuki, maji ni ya malambo, visima vya wazi na majaruba ya mpunga. Konokono wa huko ni Bulinus, naye anabeba kichocho cha mkojo. Utafiti wa miaka ya 1990 wilayani Magu ulionyesha mpangilio huo: kichocho cha tumbo kinang'ang'ania ukanda wa ufukweni, cha mkojo kinasambaa bara. Mtoto wa mwaloni na mtoto wa lambo wanaweza kuwa wa tarafa moja, ila mmoja ini lake liko hatarini na mwingine kibofu.

Na vipimo vyao havibadilishani. Kile kitepe kilichoona asilimia 94.5 Ijinga ni kizuri kwa kichocho cha tumbo, lakini kwa kichocho cha mkojo ni dhaifu. Ukipeleka kitepe hicho kwenye kijiji cha malambo, kinaweza kukuambia kijiji ni salama, na hilo litakuwa baya kuliko kutopima. Kwa watoto wa lambo unatakiwa uchuje mililita 10 za mkojo na utafute yai lenye mwiba mkiani. Hata saa ina maana: mkojo unachukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndio wakati mayai yanatoka kwa wingi, na wapimaji wengine huwakimbiza watoto uwanjani kwanza ili kibofu kitikisike. Mkojo wa saa moja asubuhi, kabla ya kengele, unaweza kukufichia nusu ya habari.

Tena lambo si ziwa. Ziwa lipo mwaka mzima. Lambo linakauka. Yule Bulinus nasutus wa Usukuma anajua kuvumilia kiangazi: maji yakiondoka anajifukia kwenye matope, anajifunga, anakaa miezi bila kufa. Mvua za vuli zikirudi anatoka, anazaana, na mchezo unaanza upya. Mpimaji wa konokono akija Septemba atakuta udongo uliopasuka, ataandika sifuri. Akija lambo likiwa limejaa, mchana jua likiwa utosini, atakuta ng'ombe wamesimama wanakunywa, na vijana wachungaji wamevua mashati wanaogelea pembeni yao, saa ileile ambayo konokono wanaachia vimelea majini. Hivyo vimelea havionekani kwa macho. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache.

Na ng'ombe hao nao wana kichocho chao, aina tofauti na ya binadamu, lakini kinabebwa na konokono wa jamii ileile ya Bulinus. Ukimwokota konokono pale, ukamweka kwenye kikombe cha maji chini ya mwanga, ukaona vimelea vimetoka, kwa darubini ya kawaida ni shida kusema kama ni vya mtu au vya ng'ombe. Inabidi kupima vinasaba. Kwa hiyo hata anayetaka kukwepa kupima watu na kuwapima konokono peke yao, huku kwa wafugaji hesabu yake itamchanganya.

Kuchunguza kichocho si jambo jipya hapa. Mwanza imekuwa na kituo cha utafiti wa tiba tangu mwaka 1949, wakati wa ukoloni wa Mwingereza, na kituo hicho ndicho baadaye kikawa sehemu ya NIMR, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979. Na mwaka 1968 watafiti wanne, McCullough, Eyakuze, Msinde na Nditi, walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki makala iliyohusu eneo la Misungwi lenyewe, kwa jina lake. Mada yao ilikuwa vyanzo vya maji na uenezaji wa kichocho. Angalia walikoanzia: kwenye maji. Kabla ya swali la ni watoto wangapi wanakojoa damu, linakuja swali la watu wa hapa wanachota wapi na wanaoga wapi. Miaka zaidi ya 50 baadaye nadhani mtazamo huo ulikuwa wa busara kuliko jedwali la wilaya lenye namba moja.

Namba moja ya wilaya inapatikanaje? Kwa kawaida zinachaguliwa shule chache, kila shule watoto kama 50, wanapimwa, inatafutwa wastani. Wastani wa Kigongo na Misasi kwa pamoja haumhusu mtoto yeyote, si wa Kigongo, si wa Misasi. Siku hizi WHO yenyewe inahimiza kushuka chini ya wilaya, hadi kata, na hilo ni jema. Mimi ningeomba tushuke mpaka kwenye lambo na mwalo.

Kuna njia ya bei nafuu ya kushuka huko, na ni hapahapa Tanzania ilikoonyeshwa kuwa inawezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Kilosa, watafiti wakiwa na Christian Lengeler wa Uswisi waliwaachia walimu karatasi ya maswali. Mwalimu anamwuliza mwanafunzi: umewahi kuona damu kwenye mkojo? Shule zilizojibu ndiyo kwa wingi ndizo zilizokutwa na kichocho cha mkojo kwa wingi. Baadaye karatasi ya namna hiyo ikatumika hata huku kaskazini-magharibi. Kwa kichocho cha mkojo inasaidia kweli. Kwa kichocho cha tumbo haisaidii sana, kwa sababu kinaumiza kimyakimya, na mtoto wa Mbarika hana damu ya kumwonyesha mwalimu.

Sasa tuulize nani hayupo kwenye hesabu hata tukipima vizuri. Anayepimwa ni mwanafunzi aliyefika shule siku ile. Mtoto aliyebaki kuchunga hayumo. Mvuvi wa kambini, anayelala Kome wiki hii na Ukerewe wiki ijayo, hayumo katika kijiji chochote. Mama anayefua akiwa na maji magotini kwa masaa hayumo. Mtoto wake wa mwaka mmoja, anayeogeshwa kwenye beseni la maji yaleyale ya ziwa, hayumo, na kwa miaka mingi hata dawa ya umri wake haikuwepo. Ni mwaka 2024 ndipo WHO ilipoithibitisha dawa ya kichocho iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Sasa dawa ipo, lakini ili iwafikie ni lazima mtu akubali kwanza kuwahesabu.

Na wapo wanawake wenye mayai ya kichocho cha mkojo kwenye via vya uzazi. Hao wanapata maumivu, kutokwa na damu, wengine wanashindwa kushika mimba, na wanatibiwa magonjwa ya zinaa mara mbili tatu bila nafuu huku wakitazamwa vibaya nyumbani. Mkojo wa mwanamke huyo ukichujwa unaweza usionyeshe yai hata moja, kwa sababu mayai hayako kwenye kibofu. Utafiti wa kundi la Jennifer Downs katika vijiji vya kanda hii, uliochapishwa mwaka 2011, uliona uhusiano kati ya kichocho hicho na VVU. Tafiti nyingine hazikukubaliana kuhusu ukubwa wa uhusiano huo, lakini mateso ya mwanamke mwenyewe hayahitaji kusubiri mjadala uishe. Mama, dada, ukiwa na dalili hizo na ulikulia kwenye maji ya malambo, mwambie daktari habari ya kichocho. Asipokuuliza, mwambie wewe.

Tuna ushahidi pia wa kinachotokea tukimeza dawa bila kuangalia chini ya wastani. Kuanzia mwaka 2011 NIMR Mwanza ilishiriki utafiti mkubwa uitwao SCORE, katika vijiji 150 vya kanda hii. Watoto, na sehemu nyingine watu wazima pia, walipewa praziquantel, vidonge vya kichocho, kwa miaka kadhaa. Vijiji vingi maambukizi yalishuka. Vingine, vilivyopata dawa ileile, yalikataa kushuka. Dawa inaua minyoo mikubwa tu, midogo inabaki, na aliyetibiwa leo kesho anarudi majini, atafanyaje? Ukiangalia wastani unaona mafanikio. Ukiangalia kijiji kimoja kimoja unakuta kuna watu wamemeza vidonge kila mwaka na wapo palepale.

Wenzetu wa Zanzibar wametangulia mbele kidogo. Unguja na Pemba wana kichocho cha mkojo pekee, na baada ya miaka ya dawa na mradi mkubwa wa kutokomeza ulioendeshwa kuanzia mwaka 2011, maambukizi yameteremka sehemu nyingi mpaka asilimia chache. Pale kazi ya kupima ikabadilika kabisa. Ukibakiwa na wagonjwa wachache kisiwani, kuchagua shule tano kwa bahati nasibu ni kuwakosa. Kwa hiyo Pemba, kuanzia mwaka 2020, wakajaribu utaratibu wa kufuatilia: akipatikana mtoto mwenye mayai, timu inamfuata hadi kwao, inawapima wa nyumbani na majirani, inaulizia wanaoga wapi, inakwenda kwenye hayo maji kumtafuta konokono. Kila mgonjwa anakuwa njia ya kufika kwenye maji yanayowaambukiza wengine. Watasema Misungwi bado tuna wagonjwa wengi mno kwa utaratibu huo. Sawa, ziwani pengine. Lakini kwenye lambo moja linalohudumia vitongoji viwili, kwa nini isiwezekane?

Kwa hiyo, msikilizaji, timu ya kingatiba ikija, watoto wale kwanza ndipo wameze, maana vidonge hivyo kwa tumbo tupu vinaleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtoto aliyetapika mwaka huu mwakani atajificha. Na mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, mwenyekiti na mtendaji waulizwe kwa heshima: shule yetu ilipimwa lini, mwezi gani, kiangazi au masika? Walipima choo, au mkojo, au vyote? Siku moja au tatu? Ilikuwa miezi mingapi baada ya vidonge? Walipimwa watoto peke yao, au na wavuvi, akina mama na watoto wachanga? Na lambo letu, kuna aliyewahi kuingia kutafuta konokono? Kama majibu yako wilayani, mtendaji ayafuate, ayalete, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kila lambo kwa jina lake na kila mwalo kwa jina lake.